Shangazi na Mto Uliopanda Mlima

Shangazi yetu anafundisha jiografia, na tunapocheza gemu hawezi kukaa. Husimama nyuma ya kochi, vidole vyeupe kwa chaki, akichora mito hewani. "Theluji hapa, jangwa pale, ukuta mmoja tu katikati! Hii ni nchi au friji iliyobandikwa juu ya jiko?" Joka la gemu halimtishi hata kidogo, yeye anataka kujua mto unatoka wapi. Jana uzalendo ukamshinda, akampokonya dada yangu rimoti na kumwongoza shujaa wetu kandokando ya maji, mpaka mto, kweli kabisa, ukaanza kupanda mlima. "Unapanda! Jamani, maji yanapanda!" alipiga kelele, akiruka kama aliyefunga bao.

"Shangazi, joka! Geuka!" tukapaza sauti.

Hakugeuka. Joka likatema moto, na shujaa ambaye dada alimhangaikia wiki nzima akateketea. Dada akashika kichwa. Shangazi akaisogelea runinga, pua nusura iguse kioo. Halafu akapiga makofi mpaka chaki ikaruka. "Oneni moshi! Unaelekea kule kule bendera ya ngome inakopepea! Upepo, wanangu! Hatimaye nchi hii ina upepo!"