Kioo Kipana Ndani ya Eda

Siku ile nilimkasirikia kila mtu, hata marehemu. Nilikuwa nakaa eda, sitoki, sionani na wanaume wa kando, na kazi yangu ya kuandaa karatasi za mizigo ya bandarini nilikuwa naifanyia chumbani, kwenye laptopu aliyoiacha mume wangu. Laptopu yenyewe ndogo, karatasi mbili hazienei pamoja, na kwa kurukaruka kutoka hii hadi ile nilikuwa nimeshakosea nambari za makontena. Tajiri wangu akanipigia simu, akasema pole sana kwa msiba, lakini nikikosea tena kazi atampa mtu mwengine. Pole gani hiyo?

Basi nikaagiza kioo kipana cha kompyuta, cha bei nafuu, kilichokwisha kutumika ofisini. Muuzaji alikileta mwenyewe kutoka Changamwe, akakaa barazani, kati yetu pazia la mlango. Upande wangu wa pazia alikaa mavyaa, mama wa marehemu, tasbihi mkononi. Tangu asubuhi alikuwa ameshanena lake: nyumba ya eda si duka, nikikague hicho kitu kisha kitoke, hapa Jomvu Kuu watu wana macho. Nikamjibu moyoni kwamba macho ya watu hayatatutelekea chungu. Mshahara ule ndio tuliokuwa tukila, mimi na yeye.

Kioo kikapitishwa ndani nikakiunga na laptopu, na muuzaji akanielekeza kupitia pazia, kwa adabu. Niweke rangi nyeupe tupu, nitafute nukta zilizokufa. Niliona moja, chini pembeni, si neno. Niweke nyeusi, nitazame kama mwanga unavuja kingoni. Ulivuja kidogo. Nisimame ubavuni, nione kama rangi zinafifia. Hazikufifia. Nikafungua karatasi mbili, zikakaa ubavu kwa ubavu zikaenea, na wallahi nilitaka kulia. Lakini herufi zilikuwa fupi na nene, kama zimekaliwa.

Nilipomwambia muuzaji, mavyaa akadakia kuwa basi ni kibovu, mwenyewe apewe aende zake. Muuzaji naye akasema yuko mteja Mikindani anakingoja, anataka jibu sasa hivi. Akanishauri nifunge kila kitu nitazame picha ya mtu, maana uso wa mtu ukiharibika haujifichi.

Nikafunga. Ya Rabi, nilisahau kilichokuwa nyuma ya zile karatasi. Mume wangu akajaa kioo kizima, na kanzu yake ya Idi, uso umebonyea ukatanuka, shingo hana. Tangu afe nilikuwa nikiifungua laptopu ile na kumfunika haraka kwa kazi, na mama yake hakuwahi kuiona picha hiyo. Tasbihi ikanyamaza nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

Muuzaji, asiyejua lolote, aliendelea kwa utulivu: niingie kwenye setingi, kwenye ukubwa wa picha, nichague kipimo cha juu kabisa. Nikakosea, uso ukazidi kuharibika. Nikamchukia mtu yule na pazia lake. Nikajaribu tena, kioo kikazima kikawa cheusi, nikajua basi, kazi imekwenda. Kisha kikawaka, na uso ukawa wake, na mwanya wake wa mbele, mkubwa kuliko alivyokuwa akiwa hai.

Mavyaa akainuka. Akasogea mpaka karibu apige pua kwenye kioo.

Nje muuzaji akauliza, "Vipi, dada, nikichukue ama nikiache?"

Nilifungua mdomo, lakini mavyaa alinitangulia, bila kugeuza uso.

"Nyumbani humu mwanangu ashatolewa mara moja, kwa jeneza. Sitaki kumwona akitolewa tena."

Barazani nikamsikia muuzaji akivaa viatu vyake taratibu, kioo amekiacha. Karatasi za tajiri zilikuwa zikingoja, na kuzifungua ni kumfunika mtu uso mbele ya mama yake. Nilikaa mikono mapajani mpaka mavyaa alipoondoka mwenyewe kwenda kutawadha.