Mbuzi Choma na Jasusi

Nikialikwa kutazama filamu za kijasusi nakataa, na watu hudhani najifanya mlokole. Walokole wangapi wanazitazama! Mimi niliona moja, ikanitosha.

Karibu na reli hapa Dodoma kuna baa ya zamani, kuta nene za mawe, iliyojengwa enzi za wakoloni kwa ajili ya wasafiri wa treni. Mwenye baa, mama mwenye mambo yake, alianzisha Jumapili za filamu na chakula. Jasusi akila kwenye skrini, nasi tunaletewa. Akinywa, nasi tunamiminiwa mvinyo wa zabibu za Hombolo. Yeye nyama kwa uma na kisu, sisi mbuzi choma kwa mikono, na ugali wa mtama na mlenda pembeni.

Nilimpeleka mchumba wangu pale akutane na kaka yangu. Baba alishafariki, na kaka asipokubali kupokea mahari hakuna ndoa. Naye alikuwa amegoma. "Mtu wa kuja huyo," alisema. "Kaletwa na uhamisho wa ofisi, ataondoka na uhamisho." Mimi nilimtaka yule mwanaume, sifichi. Nilimtaka hadi usingizi unaniruka.

Mambo yalianza vizuri. Mchumba alitoa shikamoo kwa adabu, kaka akaitikia marahaba kwa midomo ya kubana, lakini mvinyo ulipoingia akaanza kucheka. Kwenye skrini watu walikuwa wanauawa tu. Huyu kapigwa risasi bafuni, yule kasukumwa kutoka ghorofani, na mtafsiri wa Kiswahili anapiga kelele kuliko bunduki zenyewe: "Mmalize huyo! Mmalize!" Mchumba aliacha kula. Alikuwa amekunja ngumi juu ya meza. Kisha jasusi akaketi mgahawani, nasi tukaletewa sahani mpya, na nyuma yake adui akachomoa waya wa kumnyongea.

Hapo ndipo alipoingia mtani wa kaka. Sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za mababu. Mtani atakutukana mbele ya wakwe, na hukasiriki. Siku ya mazishi, huyu wa kaka alijilaza ndani ya kaburi la baba, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, tukacheka huku tunalia. Basi siku hiyo alinyata nyuma ya kaka, akamkaba shingo kwa mikono miwili.

"Leo nakuua, Mgogo wewe! Mbuzi wetu unamla peke yako?"

Kaka naye akatoa ulimi, akatoa macho, akarusha miguu mpaka sahani zikaanguka. Baa nzima ilicheka. Mchumba hakucheka. Kwao utani ni wa maneno, mambo ya kukabana hawayajui. Kabla sijafungua mdomo alishanyakua chupa ya mvinyo, akampasua nayo mtani kichwani. Damu ikamwagika juu ya ugali. Mtani akaanguka, naye akamfuata pale chini kwa mateke ya mbavu, moja baada ya jingine.

"Acha!" nilipiga yowe. "Mtani wake huyo! Ni utani!"

Akanigeukia. Mkononi alibaki na shingo ya chupa, imepasuka, ina meno. Akainyanyua mpaka chini ya jicho langu, nikaisikia ikigusa ngozi.

"Kwa nini hukuniambia, mshenzi wewe?" alisema polepole. "Umeniaibisha."

Kaka alikuwa amepiga magoti, ameshika kichwa cha mtani wake. Alipoinuka aliinuka na kigoda, akampiga nacho mchumba begani kwa nyuma, chupa ikadondoka. Walipigana jamani! Mpaka wapishi walipotoka jikoni na miiko kuwaamua.

Mtani alishonwa hospitali, na bandeji kichwani akawa wa kwanza kumtetea. "Msameheni, mgeni hajui. Alidhani anamwokoa shemeji yake." Mchumba akaleta mbuzi wa kuomba radhi, akawaomba wote msamaha. Mimi aliniandikia meseji: yaishe.

Jumapili nyingine kaka aliniita nyumbani Mkonze, mbele ya mama na mtani.

"Nimefikiri," alisema. "Mwanaume aliyeingia vitani kwa ajili yangu hata hanijui vizuri, huyo ni shemeji. Alete mahari."

Mama akapiga kigelegele. Neno nililolililia miezi yote ndilo hilo.

"Simtaki," nikasema.

"Loo!" mtani akaruka. "Na damu yangu je? Nirudishiwe!" Wakacheka wote.

"Kwani kakufanya nini?" kaka aliuliza.

"Kaka, wewe siku ile ulimwona mgongo. Mimi nilikuwa mbele yake."

Kicheko kikaisha. Kaka aliuangalia mkwaruzo chini ya jicho langu, ule niliomwambia mama kuwa ni wa tawi la mzabibu.