Bibi Alivyozika Kazi ya Baba Mkubwa

Baba mkubwa alifundisha masomo ya dini chuo kikuu Dar mpaka akastaafu, akarudi kwetu Ruangwa na mgongo mbovu. Mtaani walimcheka: profesa mzima wa dini, msikitini anakaa safu ya nyuma! Mimi ndiye niliyewachekesha zaidi.

"Baba mkubwa," nilimchokoza siku moja, "peponi kuna watu wataingia kwa uprofesa?"

"Wapo," alisema. "Watakaa safu ya nyuma."

Kazi iliyombakia ilikuwa kwenye gunia moja. Miaka yote, kila likizo, alizunguka vijiji vya Nambambo na Marambo akinakili kwa mkono maelezo ya Kurani yaliyoachwa na walimu wa zamani wa madrasa, Kiyao kwa herufi za Kiarabu. Daftari za walimu wenyewe zilishaliwa na mchwa. Alitaka kuyatoa kitabu kabla macho hayajamwishia.

Macho hayo hayo yakampeleka Dar kutibiwa. Huku nyuma bibi, mama yake, akafagia chumba, akakuta lile gunia: karatasi za njano, pembe zimetafunwa na panya.

"We mjukuu wangu, haya bado anayasoma?"

Nilikuwa nachati. Hata kichwa sikuinua. "Bibi, hayo marehemu. Yanangoja sanda tu."

Bibi hakucheka. Kwake, karatasi yenye maneno ya Mungu ikichakaa haitupwi jalalani. Inazikwa kwa heshima. Akazifunga kwenye shuka jeupe, akachimba nyuma ya nyumba, akaomba dua. Wiki ile ile mvua ikapiga siku tatu.

Baba mkubwa aliporudi tulifukua. Ndani ya shuka mlikuwa na uji wa buluu.

Bibi akalia. "Mwanangu, huyu aliniambia yamekufa. Nilijua nakutendea wema."

"Umefanya sawa, mama. Umezizika vizuri."

Kisha akanitazama mimi. Bora angenichapa.

Siku hizi nikitoka shule namwandikia anayoyakumbuka. Jana tulifikia maelezo ya mwalimu mmoja wa Marambo juu ya sisimizi aliyesikiwa na Nabii Suleiman. Baba mkubwa akakwama. Nikachomekea sentensi, tena nzuri tu.

"Hiyo yake au yako?"

"Yangu."

"Ifute. Andika: hapa sikumbuki."

Nikaandika. Ukurasa ule una mistari saba. Mitano inasema hivyo hivyo.