Mama Kwenye Karatasi

Juzi, mjini Nakuru, daktari wa macho aliniambia umri umeanza kunidai, akanipa miwani ya kusomea. Ilinuka plastiki iliyopata jua, harufu ile ile ya miwani ya shosho, nyanya yangu, na kabla sijatoka pale nilikuwa nimerudi Dundori, nina miaka saba, namngoja mama.

Mama alikuwa kibarua wa kukata maua kwenye mashamba ya Naivasha. Alikuja Jumapili moja kila mwisho wa mwezi, akiniahidi kwamba akipata nyumba yenye nafasi atanichukua. Shosho alisema subira huvuta heri. Yangu ilivuta kamasi tu. Hapakuwa na mtoto mwingine pale, na maneno mengi ya shosho aliyamalizia kwa ng'ombe. Nilikuwa mpweke, tena sana.

Siku moja niliegemeza miwani yake dirishani, juu ya kopo la majani chai, nikashika karatasi nyuma yake. Lango letu likatokea kwenye karatasi, na rangi zake zote, ila juu chini. Lenzi zile zilikuwa nene katikati na nyembamba kando. Zilipinda mwanga uliotoka mbali, zikaukutanisha mahali pamoja. Nikisogeza karatasi huku au kule, lango linakuwa ukungu. Mahali pake palikuwa urefu wa mkono wangu kutoka kwenye miwani, toka begani hadi vidoleni. Miaka mingi baadaye mwalimu wa fizikia aliuita urefu wa fokasi.

Basi mwisho wa mwezi nilimngojea mama hapo hapo. Alitokea langoni, mdogo kama kidole, kichwa chini. Alipokaribia akaanza kufifia, nami nikarudisha karatasi nyuma ili nisimpoteze.

“Njeri! Kwani huji kunisalimia?” aliita.

Nilirudi nyuma, nyuma, mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mama akainama dirishani, uso wake karibu kabisa na miwani, na karatasi ikabaki nyeupe. Nikaangua kilio.

“Leo nilikuwa nimekuja kwenda na yeye,” alimwambia shosho wakinywa chai. “Lakini ona vile ananikimbia. Wacha akae na wewe kwanza.”

Nilisikia, ila sikujua pa kuanzia kueleza. Hiyo “kwanza” ikawa miaka miwili.

Jioni aliondoka peke yake. Nilikimbilia dirishani, nikashika karatasi urefu wa mkono wangu, na mama akarudi kwenye karatasi, wazi kabisa hadi kitambaa cha kichwani. Nilifurahi, msinicheke. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima: alikuwa amesimama pale dirishani, karibu kiasi cha kukumbatiwa, na mimi nilikuwa namtafuta kwenye karatasi.