Wenzako Wote Wanaona

Nilizaliwa Mbozi, kwenye nyumba ya wakulima wa kahawa, na ni kahawa iliyofichua kwamba macho yangu hayaoni kama ya wenzangu. Msimu wa kuchuma, kaka zangu walitoka shambani na vikapu vya kahawa nyekundu tupu. Changu kilikuwa mchanganyiko wa mbivu na mbichi. Baba aliona ni uvivu, akanichapa. Mama ndiye aliyenifundisha kuiminya kila punje kwa vidole kabla ya kuichuma, akawa ananitajia rangi za vitu mpaka nikazikariri. Hata leo ukiniuliza rangi ya sweta langu la shule nitakujibu bila kusita, lakini ninachokumbuka ni sauti ya mama akiitaja. Rangi yenyewe sina.

Ukubwani nilipata kazi Tunduma, mpakani na Zambia, kwa wakala wa forodha. Niliangalia hali ya kila lori kwenye tovuti ya ofisi yetu, kisha nikampigia dereva simu: wewe sogea, wewe subiri kwanza. Mbele ya namba ya kila lori paliandikwa neno, TAYARI au BADO. Nilifanya hivyo miaka mingi, na hakuna aliyejua kwamba nina tatizo.

Kisha bosi wetu, mama mmoja aliyependa mambo mapya, akamleta kijana kutoka Mbeya aitengeneze upya tovuti. Ilipofunguliwa, ofisi nzima iliisifia. Maneno yalikuwa yameondolewa, na kila lori limewekewa kitone, kijani au chekundu. Mimi niliona vitone vya rangi moja, rangi ya tope, kutoka juu mpaka chini.

Nilimfuata bosi ofisini kwake, nikamweleza yote, hata habari za kahawa, ambazo sikuwahi kumsimulia mtu pale.

"Mama, naomba pembeni ya kitone waandike na neno," nikamwambia. "Hata fupi."

"Wenzako wote wanaona," akasema. "Nimharibie kijana wa watu kazi yake kwa ajili ya mtu mmoja?"

Yule kijana naye nilimwomba. Alinijibu kwa heshima kwamba maneno yangejaza ukurasa, kisha akaniuliza shati lake naliona la rangi gani. Wenzangu wakacheka. Tangu hapo, aliyepita mezani kwangu aliniinulia chochote alichoshika ili nitaje rangi yake.

Nikawa namwuliza dada wa meza ya jirani. Mwanzoni alinisomea kwa moyo mweupe, baadaye akaanza kuguna, nami nikaona haya. Siku moja hakuja kazini. Dereva mmoja wa Zambia, mtu mzima, akapiga simu. Nilikikodolea macho kitone cha lori lake, nikadhani kimefifia kuliko vingine, nikamwambia asogee. Aliacha nafasi yake kwenye foleni, akafika getini, akarudishwa mwisho kabisa.

Alikuja ofisini kwa miguu. Hakupaza sauti. Aliniita mudala, kama wanavyomwita mzee kwao.

"Mudala, kesho wanamzika dada yangu Kitwe," akasema. "Sasa sitafika. Wewe ndiye uliyesema nisogee."

Bosi akanihamishia yadi, kwenye geti la malori, akisema ananionea huruma.

Miezi michache baadaye maneno yakarudi. Bosi alikuwa ametoka na simu yake kwenye jua kali, kioo kikameremeta, naye asijue kitone kipi ni kipi. Kijana akaitwa, akayarudisha asubuhi hiyohiyo, na ukurasa haukujaa.

Nilingoja niitwe. Sikuitwa. Nikamwendea bosi mimi mwenyewe, nikamwambia kwamba sasa naweza kusoma kama zamani. Alinijibu kwamba mezani pangu pana mtu, na tena huku nje napata hewa.

Dereva anayetoka hunionyesha lori lake kwenye tovuti yetu, kwa simu yake. Nalisoma neno TAYARI bila shida yoyote, kisha namfungulia geti.