Kikombe Kilichopungua

Mimi si mtu wa kukaa. Hata nikienda kumwona mgonjwa, nusu saa haiishi utanikuta nafagia uani kwake. Watu wa usharika wetu hapa Chamazi wamezoea kunisifu kwa hilo. Mchungaji aliwahi kusema mbele ya watu kwamba kila mama angekuwa na moyo wangu, kanisa lingekuwa limeezekwa zamani. Nilitabasamu, lakini moyoni nilichefukwa. Mchungaji yule alikuwa mgeni, hakujua kinachonikimbiza.

Kinachonikimbiza kina miaka kumi na minne. Nilimzaa binti yangu kabla ya ndoa, na ndoa yenyewe haikuja. Baba yake alihamia mkoani mtoto hajaota jino. Kanisani kwetu mtu akipata mimba namna hiyo hutengwa. Hafukuzwi, anaingia ibadani, anaimba, anatoa sadaka, ila Meza ya Bwana haisogelei mpaka atubu mbele ya usharika. Wenyewe tunaita kurudi kundini. Nilirudi. Nilisimama mbele Jumapili moja asubuhi, mtoto mgongoni, nikaulizwa maswali, nikajibu, na mchungaji wa wakati huo akaniwekea mkono kichwani akasema nimesamehewa. Watu wakaimba. Kwa utaratibu wa kanisa, kuanzia siku ile nilikuwa huru kusogea mezani kama mtu mwingine yeyote.

Sikusogea. Nilijiambia nijipange kwanza, niwe mtu wa kueleweka, halafu nitakwenda. Nikaanza kuosha vikombe.

Vikombe vyenyewe ni vidogo, vya kioo, havizidi kidole gumba, na hupangwa kwenye trei. Kazi ya kuvihesabu, kuvijaza divai na kuviosha hufanyika kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu, na mwenye kazi hiyo ana udhuru wa kutoonekana. Watu wakiisha kushiriki, trei inarudi kwangu, naosha, najaza nyingine. Ibada ikimalizika kila mmoja anadhani nimeshiriki na kundi lingine. Miaka ikapita hivyo. Tena nilikuwa mkali. Kikombe chenye alama ya kidole nilikirudisha majini, na kuna mama mmoja anayenisaidia, akithubutu kupangusa kwa khanga yake namnyang'anya.

Wa kwanza kunishtukia alikuwa jirani yangu, Mwislamu ambaye hajawahi kukanyaga kanisani. Ni mama mtu mzima, mzaliwa wa huku huku, tangu Chamazi ni mikorosho mitupu. Kila Ramadhani huniletea futari, mihogo ya nazi leo, tambi kesho. Nami sirudishi sahani yake tupu. Inarudi kesho yake jioni, imejaa kuliko ilivyokuja. Ramadhani iliyopita nilimpelekea sahani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akafunua kitambaa na kuyaangalia maandazi yangu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mie nilikupa futari, sikukuuzia," alisema. "Kwani we hujui kupewa?"

Nilicheka, nikaaga. Lakini mimi ni fundi cherehani, na siku ile nilishona mkono wa gauni la mteja upande usio wake, nikaufumua kwa hasira mpaka kitambaa kikachanika. Sikujua nimemkasirikia nani.

Mwaka huo huo binti yangu alimaliza mafundisho ya kipaimara. Siku ya kipaimara watoto hushiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, na kwetu ni desturi mzazi apige magoti na mwanawe, bega kwa bega. Nililijua hilo siku zote; vikombe vya meza ile najaza mimi. Nikapanga binti asimame na mdogo wangu, ambaye ameolewa akahamia dhehebu la mumewe. Yeye angepiga magoti tu, asishiriki. Kwenye orodha ya meza, mbele ya jina la binti, nikaandika mtu mmoja, yaani kikombe kimoja. Halafu nikajitosa kwenye kazi. Nilishona magauni meupe ya mabinti wote wa darasa lake. Nikapaka rangi ukuta wa barazani. Wiki ya mwisho nilikuwa nazunguka nyumba nzima natafuta kitu ambacho hakijapigwa pasi.

Jumamosi mchana, siku moja kabla, nilikuwa nampima pindo sebuleni. Uwanjani kulikuwa na mechi, kelele za mashabiki zinapanda na kushuka. Nimepiga magoti chini, pini mdomoni. Binti akauliza kama mama yake mdogo atavaa viatu virefu, maana atapata tabu kupiga magoti. Nikamjibu mama mdogo anajua mwenyewe.

"Mama, we hushirikigi," alisema. "Nakuonaga tangu mdogo. Unaosha tu vikombe. Ni kwa sababu yangu?"

Nikatoa pini mdomoni. Uongo nilikuwa nao tayari, ule wa kwamba vikombe havina mtu mwingine, na umenisaidia mara nyingi. Lakini alikuwa amesimama pale na gauni lililopindwa nusu, mikono ameiinua pembeni kama nilivyomwagiza ili asichomwe, na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona. Si ile ya zamani, ile nilishaizoea. Miaka yote nikidhani najificha mimi, kumbe namtangaza yeye. Kila Jumapili niliyobaki nyuma nilikuwa namwambia kwamba kuzaliwa kwake ni kosa ambalo mama yake hajamaliza kulilipia.

"Si kwa sababu yako," nilisema. "Kesho napiga magoti na wewe."

Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayengoja aone. Nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia akae na wageni.

Usidhani nilipata amani. Asubuhi nilifika kanisani kabla ya mlinzi hajafungua geti, nikafagia palipokwisha kufagiwa, nikafuta madirisha. Nilikuwa najidanganya kwamba nikiongeza kidogo tu, hadi ibada ianze nitakuwa nimetosha. Kisha nikajaza vikombe kwa ile orodha, idadi kamili, kwa sababu divai iliyobarikiwa haimwagwi. Nikamkabidhi mzee wa kanisa trei, na kazi ya kuosha nikamwachia yule mama wa khanga. Alishangaa, akajifunga khanga kiunoni.

Zamu yetu ilipofika tulipiga magoti kwenye reli ya madhabahu, binti kushoto kwangu, mimi wa mwisho kabisa. Mkate ulipita, nikaupokea. Nyuma yake ikaja trei. Kila mtu akachukua kikombe. Binti akachukua chake. Mzee akanifikia mimi, akainamisha trei, na ilikuwa tupu.

Mzee hakukosea. Nilikosea mimi. Nilikuwa nimeshamwahidi mtoto, nimeshamweleza mdogo wangu, na bado asubuhi ile nikahesabu kama ninavyohesabu siku zote, watu wote kasoro mimi.

Joto lilinipanda mpaka masikioni. Kwaya ikarudia ubeti, nikasikia mabenchi yanalia nyuma yangu, watu wananyoosha shingo. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba hilo ndilo jibu, meza hii haikuwa yangu tangu mwanzo. La pili lilikuwa chumba kile kiko hatua kumi tu, na chupa najua ilipo. Nikashika reli niinuke. Mchungaji akaniwekea mkono begani.

"Kaa hapo hapo, mama. Utaletewa."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Mikono yangu haikuwa na cha kushika, na kanisa zima linanisubiri. Nikasikia bomba linafunguliwa kule chumbani, kisha linafungwa. Nilijua kabisa kwamba muda ule kikombe kinapanguswa kwa khanga. Mzee akarudi nacho kimoja, bila trei, na mchungaji akarudia maneno yote ya kubariki, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya kikombe kimoja.

Kilipofika mkononi mwangu kilikuwa na alama ya kidole, kubwa, ya kuonekana kutoka mbali. Nikamtazama binti. Wenzake walishakunywa zamani, na yeye alikuwa bado ameshika chake, kimejaa, ananingoja.

Tukanywa.