Siku Mtaa wa Maduka Ulipopigwa Picha

Mliokulia Gisenyi miaka ya tisini ikielekea kwisha mnaijua barabara ya maduka ilivyokuwa. Upande wa juu walikaa mafundi cherehani barazani, wakikanyaga mashine kutwa nzima. Upande wa chini duka la vitenge lilitazamana na duka jingine la vitenge, na wanawake wenye maduka hayo walikuwa hawasemeshani. Katikati palikuwa na tanuri la mikate. Harufu yake ilitufuata mpaka darasani, na kila siku saa nne mwalimu wetu wa hesabu alinyamaza kidogo akiangalia dirishani. Sisi tulidhani anatafuta jibu.

Mwezi uliopita mtu alitutumia kwenye simu picha za zamani za barabara hiyo. Ni picha ishirini na kitu zilizosalia, nyeusi na nyeupe. Kila mtu amesimama mlangoni pa duka lake na hakuna anayecheka. Wenzangu wakaanza kuandika. Mmoja alisema watu wa zamani walikuwa na heshima. Mwingine akasema tazameni nyuso hizo, hao walikuwa watu wenye mawazo. Sikubishana nao. Lakini mimi nilikuwepo, na picha zile zilipigwa kwa sababu ya nyogokuru wangu, bibi mzaa mama, aliyeshindwa kuweka macho wazi.

Nyogokuru alirudi nasi kutoka Kongo, tulikokimbilia vita. Mdogo wake, Koleta, alikataa, akabaki Goma, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani kwetu. Waliagana vibaya. Koleta alisema anayeondoka ameondoka. Nyogokuru, ambaye hakuzoea kuachiwa neno la mwisho, akamjibu kwamba anayebaki amebaki. Ikapita miaka mitatu bila hata salamu. Kisha asubuhi moja mama mmoja muuza nyanya, aliyevuka mpaka kila siku pale Petite Barrière, aliingia uani kwetu na beseni lake kichwani.

"Koleta iko mugonjwa," alisema. "Hakule. Anauliza mukubwa yake iko wapi."

Nyogokuru aliendelea kuchambua maharage mpaka yakaisha. Ndipo akasema, "Munitafutie karatasi."

Karatasi ya kuvukia mpaka ilitaka picha, na nyogokuru alikuwa hajawahi kukaa mbele ya kamera. Studio ilikuwa ya Papa Didas, mwembamba, mvaa tai hata siku ya soko. Alikuwa na koti moja jeusi la kuazima wateja. Nusu ya wanaume wa Gisenyi wa wakati ule ukitazama vitambulisho vyao utalikuta koti lile. Alimketisha nyogokuru kwenye kigoda, akamwambia atazame mbele, taa ikawaka, basi. Tatizo ni kwamba filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, na Papa Didas hakusafisha filamu isiyojaa. "Filamu haikatwi," alisema, kama mtu anayezungumzia mtoto. Tukangoja siku sita wateja wengine waijaze.

Picha ilipotoka, nyogokuru alikuwa amefumba macho. Karani wa ofisi ya karatasi aliigeuzageuza, akaturudishia polepole.

"Huyu mama amelala."

"Hajalala," mama yangu alisema. "Amefunga macho tu."

"Bon. Aende ayafungue."

Ya pili tuliingoja siku tano. Macho yalikuwa yamefumbwa zaidi, hata paji la uso lilisaidia. Muuza nyanya naye alipita kila jioni na habari. Koleta anakunywa maji tu. Koleta hainuki tena. Siku tulipoichukua picha ile ya pili ilikuwa Ijumaa, na Papa Didas alikuwa ndiyo kwanza ametia filamu mpya. Mama alikaa kwenye ngazi ya studio, mkoba mapajani, akalia bila sauti. Nyogokuru alikaa kando yake akimkanya: "Inuka. Watu wanataka kupita."

Papa Didas alitoka akachutama mbele yao. "Bibi mukecuru, juu ya nini unafunga macho?"

"Kitu yote inawaka mbele ya uso wangu, mi nafunga macho," nyogokuru alisema. "Ni vile niko muzima mpaka leo."

Papa Didas aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kamera na kigoda, akakiweka kigoda barabarani, juani. Mama na mimi tulishika shuka jeupe nyuma ya nyogokuru, huyu upande huu na huyu upande ule. Hakuwasha taa. Alibonyeza mara moja, akasema macho yalikuwa wazi.

Mama alimuuliza mbona hakufanya hivyo tangu mwanzo.

"Studio iko ndani," alijibu.

Zilibaki picha thelathini na tano, na ofisi ilifungwa saa kumi na moja mpaka Jumatatu. Mwoka mikate, aliyekuja kuona kwa nini shuka limesimama barabarani, aliambiwa habari ya Koleta. Alirudi kwenye mlango wake, akajipangusa unga, akasimama wima. "Piga," alisema.

Papa Didas akashuka na barabara mlango kwa mlango. Aliyeomba kwenda kubadili shati alikataliwa. Aliyecheka aliambiwa atulie, kwa maana Papa Didas alizoea picha za vitambulisho na hakujua aina nyingine. Fundi mmoja alikuwa akimpima mteja suruali, wakapigwa wote wawili. Mteja yule hakuwa wa mtaa wetu, alipita tu, na leo watu wanabishana kwenye simu alikuwa na duka gani. Wale wanawake wawili wa vitenge walikubali kupigwa kila mmoja peke yake, kisha ikabaki picha moja ya mwisho na wao ndio waliokuwa karibu. Wakasimama pamoja. Ukiitazama vizuri utaona kila mmoja anaangalia duka lake.

Saa kumi filamu ilikuwa kwenye dawa. Picha ya nyogokuru ilikauka kwa kupepewa na daftari langu la hesabu. Karani aliitazama, akamtazama nyogokuru, akagonga muhuri.

Kesho yake alfajiri mama alimvusha. Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa na mama. Koleta alikuwa amelala kando ya ukuta, amekonda, lakini alimtambua dada yake.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa kwenye picha," nyogokuru alimjibu.

Wakakaa pamoja siku nne. Habari ya kuondoka na kubaki hawakuigusa. Walibishana juu ya ng'ombe wa baba yao, yupi alivunjika pembe, na hakuna aliyekubali kushindwa. Siku ya tano asubuhi Koleta alifariki, nyogokuru akiwa ameshika kikombe chake.

Aliporudi, nyogokuru hakuja moja kwa moja nyumbani. Alipita barabara ya maduka, mlango kwa mlango, akampa kila mtu mkono na kumwambia neno moja tu: "Nilimukuta." Alipofika kwa mwoka mikate alikaa kidogo, maana miguu ilikuwa imechoka.

Barabara ile sasa ina maghorofa na vioo. Vijana wetu hupiga picha arobaini za sahani moja ya dagaa wa sambaza, chakula kikapoa, halafu wanalalamika kimepoa. Mwaka jana nami nilihitaji picha ya haraka, kwenda kuzika Goma. Kijana wa studio hakutoa visikizi masikioni. Alinipiga, akachapisha, akanikabidhi, yote kwa dakika tatu, na macho yangu yalikuwa wazi kabisa. Nilitoka na bahasha mkononi, nikaishuka barabara nzima mpaka mwisho, na hakuna mlango hata mmoja ulioniuliza naenda kumzika nani.